Uvimbe Haupimwi kwa Macho

Hotuba iliyotolewa mjini Morogoro kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Mkutano huu kwa desturi hushughulika na mizani, magunia na bei. Jambo nililokuja kulieleza ni la afya, lakini mtaona kuwa si geni kwenu, maana ni jambo la kuchukua sampuli.

Mpokeaji wa mazao ghalani hapangi daraja la ufuta kwa kutazama gunia kwa nje. Huchoma bambo, akatoa punje chache kutoka ndani, akazikagua kiganjani, ndipo akasema neno. Gunia huweza kuwa safi kwa nje na ndani likawa na mchanga. Uvimbe wa mwili nao ni hivyo hivyo. Jipu, tezi iliyovimba kwa kifua kikuu, uvimbe usio na madhara, na saratani huweza kufanana machoni, na hata mkononi mwa daktari mzoefu. Kinachoyatenganisha ni kipande kidogo cha nyama, kinachotolewa kwa sindano yenye tundu au kwa kisu, kikapelekwa maabara.

Huko maabara kipande hicho huhifadhiwa katika fomalini ili kisioze, huzungushiwa nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Hutiwa rangi, na mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini ili aone seli zake, yaani zile chembe hai ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo.

Faida ya kazi hii ilidhihirika hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Watoto wengine walivimba tumboni, na kwa macho ilionekana kuwa hayo ni magonjwa mbalimbali. Wataalamu wa maabara ya Mulago, akiwamo Gregory O'Conor, walipolinganisha vipande vya nyama waliona kuwa ugonjwa ni mmoja: saratani ya limfu, inayotokana na aina ya chembe nyeupe za damu.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilometa 16,000 hivi, wakipita Tanganyika na kuendelea kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kuwa ugonjwa huo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, na ni nadra katika miinuko yenye baridi. Mwaka 1964, mjini London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Leo inajulikana kuwa virusi hivyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia kuuleta.

Ndugu Wajumbe, habari hiyo inatuhusu. Wengi wetu tunaishi chini ya Uluguru, katika mabonde ya joto yenye mbu. Wala wenzetu wa Mgeta wasidhani kuwa baridi ya mlimani ni kinga kamili, kwani watoto husafiri, na saratani ziko za aina nyingi.

Siku hizi maabara inaweza kuuliza swali la pili: seli hizi ni za ukoo gani? Mwaka 1975, mjini Cambridge, Köhler na Milstein walipata njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja tu. Kingamwili hizo zikitiwa juu ya kipande cha nyama hushika alama moja maalumu ya seli, na rangi hutokea pale ziliposhika. Ni kama chapa ya chama juu ya gunia. Alama iitwayo CD20 huonyesha kuwa seli ni za ukoo wa limfu B. Nyingine, Ki-67, huonyesha seli zinazojiandaa kugawanyika au zinazogawanyika. Katika uvimbe wa Burkitt huonekana karibu katika seli zote.

Alama hizi huamua dawa. Wanawake wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa titi unaofanana kabisa. Mmoja, ambaye seli zake zina vipokezi vya homoni, husaidiwa na vidonge vya tamoxifen. Mwingine, asiye navyo, vidonge hivyo havimfai, naye huhitaji tiba nyingine. Bila kupima, daktari anabahatisha.

Wapo wanaoogopa kuwa uvimbe ukiguswa kwa sindano utasambaa. Kipimo kikifanywa na daktari kwa utaratibu, hatari hiyo ni ndogo mno; kuchelewa ndiko kunakoua. Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Hata hivyo ni mojawapo ya saratani zinazopona kwa dawa, na tangu miaka ya 1960 wapo watoto wa Afrika Mashariki waliopona. Mtoto aliyeng'olewa jino na taya likaendelea kuvimba asingojeshwe mpaka mavuno.

Kwa hiyo nawaomba makatibu mambo manne.

Kwanza, tangazeni mkutanoni kuwa uvimbe unaokua, au usiopungua katika majuma mawili, upelekwe hospitali.

Pili, mwanachama akikatwa uvimbe, aulize: Je, nyama imepelekwa kupimwa? Isitupwe. Iwekwe katika fomalini yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, na chupa iandikwe jina. Chupa isiyo na jina ni gunia lisilo na stakabadhi.

Tatu, majibu yafuatwe mpaka yapatikane, na karatasi itunzwe. Kipande kilichobaki ndani ya nta hudumu miaka mingi, na chaweza kupimwa tena.

Nne, mkutano mkuu ufikirie kutenga fungu dogo la nauli. Kutoka hospitali ya mkoa mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, mjini Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 190 hivi. Kwa mzazi aliyeteremka kutoka kijijini bila akiba, nauli hiyo ndiyo huamua kama mtoto atafika akingali na nafasi ya kupona.

Ushirika ulianzishwa ili mkulima mmoja asipunjwe kwenye mizani. Basi asipunjwe pia katika kupimwa maradhi yake.