Joto la Chakula na Sahani ya Mama Mzazi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mama aliyejifungua hupikiwa mtori: ndizi mshare na nyama ya mifupa huchemshwa hadi ziive, ndizi hupondwa kwa mwiko, kisha hutiwa maziwa au siagi. Kule Pwani mzazi hupewa uji wa pilipili manga, na sababu hutajwa waziwazi kwamba uzazi umeutia mwili baridi, hivyo sharti urudishiwe joto. Hoja yangu ni kwamba elimu hii ya vyakula vya moto na vya baridi haifai kupokewa wala kukataliwa kwa jumla. Ipimwe chakula kwa chakula, tena kwa ukali zaidi pale inapomkataza mzazi kula.

Pwani iliipokea elimu hiyo kupitia tiba za Kiarabu na Kiajemi, ambazo tabibu Ibn Sina alizikusanya katika kitabu chake, Kanuni, iliyokamilika karibu mwaka 1025, akijenga juu ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale. Wahindi waliohamia Arusha nao walikuja na Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, yenye vipimo vyake. Joto linalozungumziwa humo si la jikoni. Kwa tiba za Kiarabu, tende ikitoka kwenye jokofu bado huhesabiwa ya moto, na tango likiachwa juani hubaki la baridi.

Wapo wanaosema haya ni mawazo matupu. Siwaungi mkono. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kiini kikali cha pilipili hufungua mlango uleule wa neva unaofunguliwa na joto la takribani nyuzi 43, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ukali wa pilipili manga nao huugusa mlango huo. Kwa hiyo mzazi anayesema uji umempasha moto anaeleza jambo ambalo neva zake zimelisikia kweli. Ila ushahidi huo unaishia hapo. Hauthibitishi joto la tende wala baridi ya tango.

Kinachonitia shaka hasa ni maziwa mgando. Tiba za Kiarabu huyaweka upande wa baridi, ilhali vitabu vikongwe vya Ayurveda huyahesabu kuwa ya moto. Bakuli ni moja, hukumu mbili zinapingana! Mtetezi atanijibu kwamba miili na nchi hutofautiana, na Ayurveda yenyewe huzingatia majira na mahali. Nakubali, lakini jibu hilo linaidhoofisha hoja yake: ikiwa mahali ndipo panapoamua, basi hukumu iliyotolewa Uajemi au India haiwezi kumfunga mzazi wa Tengeru, huku Meru, ambaye watu wake wamekula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, vizazi na vizazi.

Gharama ya makosa hailingani. Anayeshauriwa kunywa mtori hapotezi kitu, lakini anayenyimwa maziwa wakati ananyonyesha hupoteza protini na madini ya chokaa anayoyahitaji sana. Ndiyo maana ningependa muuguzi wa kliniki aanze kwa kumuuliza mama, na bibi aliyemsindikiza, ni vyakula gani vimekatazwa nyumbani na kwa nini. Bibi anayekataa kikombe cha maziwa baridi mara nyingi hana ugomvi na maziwa yaleyale yakichemshiwa ndani ya mtori, na mazungumzo yanaweza kuanzia kwenye sufuria hiyo.