Skizofrenia na Swali la Ukoo

Wazee wanapochunguza ukoo kabla ya kukubali posa, swali moja hujitokeza mara kwa mara: je, kwao kuna wazimu? Jibu likiwa ndiyo, posa hurudishwa kimyakimya, na binti mwenye akili timamu hubebeshwa ugonjwa wa mjomba wake.

Wazee wana sehemu ya ukweli. Skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii au aamini kwamba anaandamwa, ina mizizi katika urithi. Kati ya watu 100, mmoja hivi huipata maishani. Mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto hufika takriban 10 kwa 100. Maana yake ni kwamba watoto 9 kati ya 10 hawaipati.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia zaidi ya jozi 31,000 za pacha kupitia rejista za taifa. Mmoja wa pacha wa kufanana alipougua, uwezekano wa mwenzake kuugua pia ulikuwa asilimia 33 tu, ingawa vinasaba vyao ni vilevile.

Hakuna jeni moja ya wazimu. Mwaka 2022 watafiti wa mataifa mengi walilinganisha vinasaba vya wagonjwa 76,755 na vya watu 243,649 wasiougua, wakapata maeneo 287 yanayohusiana na maradhi haya. Karibu kila tofauti katika maeneo hayo huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo mno, na hakuna binadamu asiyebeba baadhi yazo. Zipo chache zenye nguvu, kama kukosekana kwa kipande cha kromosomu ya 22, lakini hizo ni nadra. Juu ya urithi huja mengine: matatizo wakati wa kuzaliwa, au bangi kali inayovutwa tangu ujana.

Kwa hiyo kumkataa mchumba kwa sababu ya mjomba ni dhuluma isiyo na msingi wa kisayansi. Historia ya ukoo ina kazi bora zaidi. Kijana wa miaka 18 akianza kujitenga, kukosa usingizi na kujibizana na sauti, familia inayoijua historia yake inapaswa kumfikisha hospitali mapema, kwa kuwa tiba inayocheleweshwa huleta matokeo mabaya zaidi.

Kasoro kubwa ya tafiti za vinasaba kama ule wa mwaka 2022 ni kwamba wengi wa waliochunguzwa wana asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Mwaka 2020 utafiti miongoni mwa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa wapatao 900 na idadi kama hiyo ya wasiougua, ulionyesha kuwa wagonjwa walikuwa na mabadiliko nadra mengi zaidi katika jeni zinazosaidia seli za ubongo kuwasiliana. Mradi wa utafiti wa vinasaba uitwao NeuroGAP nao umekusanya mate ya maelfu ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, wakiwemo wa Kilifi na Eldoret.

Watu hao wametoa mate yao na historia za familia zao. Wanastahili kuelezwa matokeo kwa lugha wanayoielewa, na kliniki zao za afya ya akili zinastahili dawa zisizokatika.