Nyumba Moja ya Mitumbwi, Mlango Mmoja kwa Wote

(Mazungumzo kwenye barza ya viongozi na familia, Kabambare)



Tumekutana juu ya nyumba ya mitumbwi inayotakiwa kujengwa kando ya mto Luama. Wengine wameuliza: watu wamekosa mashamba, watoto hawasomi, nyumba ya mitumbwi ni ya nini? Swali hilo ni la haki.

Luama unapita katika teritware yetu kabla ya kuingia Lualaba. Kwa wengi wetu shamba liko ng'ambo, soko liko ng'ambo, na mgonjwa hupelekwa ng'ambo. Mwenye mtumbwi na kafi ndiye mwenye njia. Njia ikiwa ya mtu mmoja, mdeplase huvushwa wa mwisho au hutozwa zaidi. Maneno yanayoanzia kivukoni huishia kijijini.

Tuwape mfano wa mbali. Kule Seattle, Marekani, jeshi la majini lilijenga mwaka 1918 jengo kubwa la mbao kwa ajili ya ndege za vita zinazotua majini. Mwaka huohuo vita vikaisha. Chuo Kikuu cha Washington kikalifanya nyumba ya mashua za mashindano za wanafunzi, na fundi George Pocock akaunda mashua humo humo. Mwaka 1936 vijana wanane wapiga makasia na mwongozaji wao, waliofanya mazoezi kutoka nyumba hiyo, walishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Berlin. Mwaka 1949 chuo kilihamia nyumba mpya, lakini lile jengo bado limesimama.

Tunachukua mafunzo mawili. Kwanza, nyumba iliyojengwa kwa vita inaweza kutumikia vijana wa amani. Pili, mashua ilikuwa ya wote. Hakuna kijana aliyeipeleka kwao jioni. Tena katika mashua zile wapiga makasia hukaa wakitazama nyuma. Mwongozaji peke yake ndiye anayeona mbele. Akiwadanganya, wote wanagonga. Viongozi, neno hilo ni letu sisi na ninyi.

Sasa turudi kwetu. Mtumbwi ukiachwa juani hupasuka, ukilazwa chini huliwa na mchwa. Kwa hiyo tunapendekeza paa pana la nyasi, pande zilizo wazi upepo upite, na mitumbwi ilazwe juu ya magogo. Wazee watuonyeshe mahali maji yalipofika miaka ya mafuriko, tujenge juu ya hapo. Makafi yafungiwe katika chumba chenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa wenyeji, mmoja kwa wadeplase. Lakini mama mwenye uchungu usiku hawezi kungoja funguo mbili. Mtumbwi mmoja na makafi yake ukae tayari kwa mlinzi, kwa wagonjwa tu, bila malipo. Bei ya kuvuka iwe moja kwa wote, iandikwe ubaoni. Silaha isipande mtumbwini.

Tumesikia pia hofu mbili. Mwenyeji anasema: kesho watadai kiwanja. Mdeplase anasema: tutajenga, kisha tutafukuzwa. Hofu zote mbili zinajibiwa na karatasi moja. Chefu na mwenye kiwanja waandike kwamba ardhi inabaki ya kijiji, na kwamba haki ya kuvuka ni ya kila mtu, anayekaa na anayerudi kwao. Isomwe mbele ya watu wote, kwa Kiswahili.

Ndugu zetu, kiangazi ni kifupi. Kabla ya kuachana leo, tunawaomba mchague watu sita: wenyeji watatu, wadeplase watatu, na kila upande utoe angalau mwanamke mmoja. Wao ndio watakaotia sahihi pamoja na chefu. Nguzo ya kwanza itakatwa baada ya sahihi hizo, si kabla.

Sasa tunawasikiliza.