Nambari Iko Kwenye Karatasi, Jina Haliko Kwenye Kompyuta
Mazungumzo kwa wakazi na makarani wa Wadi ya Nuu



Mazungumzo ya leo yanahusu kitufe cha kufunga fomu kwenye kompyuta. Ni jambo dogo, lakini linaweza kumkosesha mtu mbegu au basari ya mtoto, kisha likamfanya aonekane mwongo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaondoka kwake nyuma ya kilima cha Nuu alfajiri, aje kujiandikisha kupata mbegu za ndengu kabla ya mvua ya Oktoba. Kitambulisho amekisahau nyumbani. Karani anamhurumia. Anaandika jina, kijiji na ukubwa wa shamba, na nafasi ya nambari ya kitambulisho anaiacha wazi ili aijaze kesho. Kompyuta inaonyesha nambari 218. Karani anainakili kwenye karatasi, anampa mama, kisha anabofya kitufe kilichoandikwa "Funga". Fomu inafungika bila onyo lolote. Siku ya kugawa mbegu, mama anafika na karatasi yake, lakini jina lake haliko. Watu wanaanza kunong'ona kwamba karatasi ni ya kughushi.

Mama hajadanganya, na karani hakufuta jina.

Ofisi nyingi duniani hutunza kumbukumbu kwa programu ya Microsoft Access, iliyotoka mwaka wa 1992. Kwa kawaida programu hii huhifadhi rekodi yenyewe, karani anapohamia rekodi nyingine au anapofunga fomu. Lakini ikiwa kuna nafasi ambayo ni lazima ijazwe, rekodi yenye pengo haipokelewi. Karani akifunga kwa alama ya X iliyo kwenye kona ya dirisha, programu humwonya kwamba rekodi haiwezi kuhifadhiwa. Akitumia kitufe kilichotengenezwa ndani ya fomu, amri ya kufunga inaweza kuitupa rekodi hiyo kimya kimya. Mafundi wameijua kasoro hii kwa miaka mingi.

Na ile 218? Nambari inayotolewa na programu huonekana mara tu karani anapoanza kuandika, kabla rekodi haijahifadhiwa. Rekodi ikitupwa, nambari hupotea nayo, na kwa kawaida orodha huruka kutoka 217 hadi 219. Kwa hivyo nambari kwenye karatasi haithibitishi kwamba jina limehifadhiwa. Vilevile, jina likikosekana, hilo halithibitishi kwamba mkazi amedanganya.

Kasoro hii ina njia ya kuizunguka, na kila mmoja ana sehemu yake.

Fundi aipe kitufe cha "Funga" amri mbili: kwanza hifadhi rekodi, halafu funga fomu. Rekodi ikikataa kuhifadhiwa, ujumbe wa kosa utatokea na fomu ibaki wazi.

Karani, kabla ya kufunga, abonyeze Shift pamoja na Enter, ambayo huhifadhi rekodi iliyo mbele yake. Fomu nyingi huonyesha alama ya penseli pembeni maadamu maandishi hayajahifadhiwa. Penseli ikibaki, kazi haijaisha. Kisha aifungue fomu tena na kulitafuta jina, mkazi akiwa bado ameketi hapo. Asiye na kitambulisho aandikwe kwenye daftari la pembeni, na aambiwe waziwazi kwamba bado hajasajiliwa.

Jioni, majina ya daftari yahesabiwe na kulinganishwa na yaliyo kwenye kompyuta. Pengo la nambari lichunguzwe siku hiyohiyo, maana huenda karani alighairi fomu tu, au huenda mtu amepotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wakazi, msiondoke mezani na nambari pekee. Ombeni kusomewa jina na nambari ya kitambulisho kama zilivyohifadhiwa. Karatasi itunzeni, kwa sababu nambari iliyorukwa husaidia kuonyesha mlihudumiwa siku gani.

Jina likikosekana, sheria iko upande wenu. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mwananchi anaweza kuandika ombi la habari kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, na afisa anapaswa kumwandikia.

Makarani, mtu akija na karatasi ambayo kompyuta haiitambui, anzeni kwa kuangalia nambari zilizorukwa na daftari la siku hiyo, kabla ya kumwambia arudi nyumbani.