Picha ya Video juu ya Kiharusi kwa Wakazi wa Viwanja Sitini



Picha ya video juu ya kiharusi, ikikusudiwa kuwafaa wakazi wa Viwanja Sitini mjini Ifakara, haina budi kuanzia shambani wakati wa mavuno ya mpunga, wala si katika chumba cha daktari. Mvunaji anaangusha kisu. Mkono hauna nguvu, mdomo umepinda, maneno hayaeleweki. Wenzake wanashauriana. Mashauriano hayo ndiyo kiini cha picha yenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa Dar es Salaam wengi waliunasibisha ugonjwa huu na mashetani na uchawi, ilhali wilayani Hai walitaja zaidi shinikizo la damu. Penye dhana ya mashetani, mgonjwa huanzia kwa mganga. Hata hivyo, picha isiwadhihaki wenye imani hiyo. Anayedhihakiwa huacha kusikiliza. Ioneshe tu kwamba mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na kwamba muda ni mfupi: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, palipo nayo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya ubongo kupigwa picha.

Mwigizaji mmoja aitazame saa dalili zinapoanza. Mwingine amzuie bibi anayeleta uji, kwani mgonjwa aweza kupaliwa. Kisha safari ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ianze mara moja.

Mwishoni waonekane majirani wakipimwa shinikizo la damu, maana wengi walio nalo hawahisi maumivu yoyote.