Maji Magumu na Dawa ya Magugu

Msikilizaji mkulima, umepulizia dawa ya magugu, wiki mbili zimepita, na magugu bado ni ya kijani. Unailaumu dawa. Kabla ya kuilaumu, yaangalie maji uliyochanganyia.

Maji ya visima vingi, hasa visima virefu vya maeneo makavu kama Dodoma, ni maji magumu. Yana kalisi na magnesi nyingi. Utayajua kwa sabuni: unafua, povu halitoki. Utayajua kwa sufuria: inabaki na ukoko mweupe.

Dawa za glaifoseti, zile zinazoua gugu hadi mzizi, hushikwa na kalisi hiyo humo humo ndani ya bomba. Ikishashikwa, haipenyi vizuri kwenye jani. Umepulizia, lakini dawa haikuingia. Na usiongeze dawa kupita kipimo. Ni hasara kwako na kwa shamba lako.

Fanya hivi. Tumia maji ya mvua, ukiyapata. Ukikosa, yeyusha kwanza mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, kwenye maji, uyachuje, ndipo utie dawa. Kwanza mbolea, iishike kalisi; dawa baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, kalisi inaiwahi dawa. Kiasi cha mbolea, muulize bwana shamba wako, na usome kibandiko cha dawa.

Maji ya tope nayo yaache kabisa. Udongo huinasa dawa hiyo.

Changanya ya kutosha siku hiyo tu, na uvae glavu.