Viputo Ndani ya Mshipa

Msikilizaji, mama mjamzito akipimwa ultrasaundi leo, haoni ajabu. Mwaka 1962 ilikuwa ajabu. Mwaka huo, katika hospitali ya wanawake ya Paddington, jijini Sydney, mtaalamu George Kossoff na daktari William Garrett walianza kuwapima wajawazito kwa mashine iliyoundwa hapo hapo Sydney. Picha zilikuwa mistari tu. Ilipofika 1969 walikwisha kunasa hata mwangwi dhaifu wa mawimbi ya sauti na kuuonyesha kwa kijivu cha kufifia na kukolea, nyama laini za mwili zikaanza kuonekana.

Damu ndiyo iliyobaki ngumu, maana mwangwi wake ni hafifu mno. Basi ili ionekane, madaktari huichanganya na viputo: gesi iliyofungwa ndani ya utando wa mafuta au protini. Kiputo hakizidi sana ukubwa wa chembe nyekundu ya damu, hivyo hupita hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Hudungwa mkononi, na baada ya dakika chache gesi hutoka kwa pumzi.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Wimbi la ultrasaundi likikipiga kiputo, husinyaa na kuvimba, hata mara milioni kwa sekunde. Kikiwa kando ya ukuta wa mshipa, huusukuma na kuuvuta, na seli zake huachia upenyo kwa muda. Dawa inayozunguka mwilini, au iliyobandikwa kwenye kiputo chenyewe, hupenya pale tu wimbi lilipoelekezwa. Kwa mgonjwa wa saratani hilo ni jambo kubwa, kwani dawa zake hutesa kwa kuwa hufika kila mahali. Ila nguvu ikizidi, mshipa huvuja damu. Kazi nzima iko kwenye kipimo.

Mwaka 2015 madaktari wa Toronto, Kanada, walitumia njia hii kupitisha dawa kwenye ubongo wa mgonjwa mwenye uvimbe. Huko São Paulo, Brazili, majaribio ya wagonjwa 100 wa mshtuko wa moyo, yaliyochapishwa 2019, yalitumia viputo na mawimbi kuvunja damu iliyoganda. Mshipa ulizibuka kabla ya madaktari kuuzibua kwa mrija kwa asilimia 48 ya waliotibiwa hivyo, dhidi ya 20 ya wenzao.

Tiba hii ya viputo bado ni ya majaribio. Kwa hiyo kifua kikikubana ghafla, usingoje viputo: kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.